Wasioonekana Kwenye Mahafali

Msimu wa mahafali ukifika, Novemba na Desemba, magazeti ya Tanzania hujaa tarakimu. Chuo hiki kimetunuku shahada wahitimu elfu tatu na ushei, kile elfu sita, wanawake wameongezeka, waliopata daraja la kwanza ni wengi kuliko mwaka jana. Mkuu wa chuo anatamka maneno ya kutunuku, vigelegele vinapigwa, wazazi waliosafiri usiku kucha kwa basi wanatafuta sura ya mtoto wao katikati ya majoho. Tarakimu ambayo huisikii ni moja: kati ya wote walioanza na kundi hili miaka mitatu au minne iliyopita, ni wangapi hawamo ukumbini, na walikwenda wapi?

Kuhesabu wahitimu peke yake huficha mengi. Chuo kilichodahili wanafunzi 1,000 kikahitimisha 800, kisha kikadahili 2,000 na kuhitimisha 1,200, kitatangaza kwa haki kabisa kwamba wahitimu wameongezeka kwa nusu. Hakuna aliyedanganya. Ila chuo kilichokuwa kinapoteza watu 200 sasa kinapoteza 800. Ndiyo maana wanaochunguza vyuo hutumia vipimo viwili vinavyolifuata kundi moja tangu siku ya kuripoti. Cha kwanza ni kiwango cha kubaki, yaani sehemu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaorudi kuanza mwaka wa pili. Cha pili ni kiwango cha kuhitimu, sehemu ya waliodahiliwa pamoja wanaomaliza ndani ya muda uliowekwa. Naamini vipimo hivi vikisomwa vizuri hutueleza habari za chuo kuliko za mwanafunzi. Naamini pia kwamba kabla ya kukipongeza chuo ambacho viwango vyake vimepanda, inafaa kuuliza vilipandishwa kwa njia gani.

Nchini Marekani vipimo hivi vilipata nguvu ya sheria mwaka 1990, na chanzo kilikuwa michezo. Vyuo vilikuwa vikiwachukua vijana hodari wa mpira wa kikapu na wa mpira wa Kimarekani, vikiwatumia kuingiza fedha, kisha wengi wao wakiondoka bila shahada. Miongoni mwa waliosukuma sheria ya kuvilazimisha vyuo vitangaze viwango vyao alikuwa Seneta Bill Bradley, mwenyewe nyota wa zamani wa timu ya mpira wa kikapu ya New York Knicks. Sheria iliweka kikomo cha mara moja na nusu ya muda wa kawaida, kwa hiyo shahada ya miaka minne huhesabiwa ndani ya miaka sita. Anayehesabiwa ni yule anayeanza chuo kwa mara ya kwanza na kusoma muda wote.

Masharti hayo yana vituko vyake. Barack Obama, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Kogelo, alianza katika Chuo cha Occidental, Los Angeles, mwaka 1979, akahamia Columbia, New York, mwaka 1981 na kuhitimu 1983. Kwa kipimo hiki Occidental ingemwandika kuwa ameishia njiani, na Columbia isingemhesabu kabisa kwa kuwa hakuanzia pale. Kasoro hiyo imepunguzwa na shirika la National Student Clearinghouse, lililoanzishwa 1993, ambalo humfuata mwanafunzi kutoka chuo hadi chuo. Hata kwa hesabu hizo zenye huruma zaidi, wanaomaliza ndani ya miaka sita ni sita na kidogo tu katika kila kumi wanaoanza. Hiyo ni Marekani, penye fedha, maabara na maktaba.

Kwa nini wanaondoka? Jibu lililotawala kwa muda mrefu ni la mwanasosholojia Vincent Tinto, aliyelitoa katika makala ya 1975 na kulipanua katika kitabu cha 1987. Aliazima wazo la Émile Durkheim, aliyechunguza kujiua mwishoni mwa karne ya 19 na kuona kwamba waliokatika na jamii yao ndio walio hatarini zaidi. Anayeacha chuo, alisema Tinto, ni mtu ambaye hakushikamana na jamii ya chuo: hana mhadhiri anayemjua kwa jina, hana wa kusoma naye, hajioni kuwa wa pale. Kuna ukweli mwingi humo, na yeyote aliyepanga geto mbali na chuo akiwa mwaka wa kwanza anaufahamu. Lakini nadharia hiyo ilijengwa kwa kumtazama kijana wa miaka 18 anayelala bwenini kwa gharama za wazazi. Mwaka 1985 John Bean na Barbara Metzner walieleza kwamba kwa mwanafunzi mtu mzima, mwenye kazi na anayelala kwake, mambo ya nje ya chuo kama fedha, zamu za kazini na familia yana uzito kuliko urafiki wa darasani. Mimi naongeza lawama moja. Katika mikono ya viongozi wavivu, nadharia ya Tinto humfanya mwanafunzi kuwa ndiye mwenye kasoro ya kutoshikamana, na chuo hakiulizwi kama kina chochote cha kushikwa.

Chuo kilichogeuza mjadala ni Georgia State, katikati ya jiji la Atlanta. Kilianza 1913 kama shule ya jioni ya biashara, na hadi leo wanafunzi wake wengi ni wa familia za kipato cha chini, wengi ni weusi, wengi ni wa kwanza kwao kufika chuo kikuu. Mwaka 2003 kiwango chake cha kuhitimu kilikuwa asilimia 32. Miaka kumi na kitu baadaye kilikuwa kimepita nusu na kukaribia asilimia 54, na pengo kati ya weusi na weupe lilikuwa limefutika. Haya hayakutokea kwa kuchuja wanaoingia: katika kipindi hicho sehemu ya wanafunzi wanaopata ruzuku ya serikali kwa ajili ya maskini iliongezeka. Ninakaa hapa kidogo, kwa sababu walichokifanya kilikuwa cha kawaida mno, tena kingi kilifanyika katika ofisi ambazo hakuna anayezipigia picha.

Aliyeongoza kazi hiyo, Timothy Renick, alitokea idara ya masomo ya dini. Yeye na wenzake walianza kwa kuzisoma kumbukumbu za chuo, na jambo moja kubwa walilikuta kwenye dawati la ada. Kila muhula, zaidi ya wanafunzi 1,000 waliokuwa wakifaulu vizuri walikuwa wanafutiwa usajili kwa sababu ya salio la ada, na kwa wengi salio lenyewe lilikuwa dola mia chache. Mtu amekaa darasani miaka mitatu na nusu, amebakiza kozi nne, anatolewa kwa deni lisilofikia bei ya simu nzuri. Mwaka 2011 chuo kikaanza kutoa ruzuku ndogo za kuwabakisha, wastani wake dola 900 hivi. Uzuri wa ruzuku hizo ni kwamba mwanafunzi haombi. Watumishi hupitia orodha ya wanaokaribia kufutwa, huchagua wale waliokwishamaliza misaada yote na ambao alama zao zinaruhusu kuendelea, huweka fedha kwenye akaunti ya ada, kisha humwarifu mhusika kwamba amelipiwa na sasa aje azungumze na mshauri wa mambo ya fedha. Zaidi ya nusu ya waliosaidiwa wakiwa mwaka wa mwisho walihitimu ndani ya mihula miwili.

Chuo hakikupata hasara. Mwanafunzi anayefutwa kwa dola 900 huondoka na ada yote ambayo angeendelea kulipa. Georgia State yenyewe ilikadiria kwamba kila asilimia moja ya ongezeko la wanaobaki hukiingizia chuo zaidi ya dola milioni 3. Wahasibu wa vyuo vyetu wanaofunga milango ya chumba cha mtihani kwa sababu ya salio wangefaa kuipiga hesabu hiyo kwa shilingi.

Jambo la pili lilikuwa kwenye matokeo. Mwanafunzi wa sayansi ya siasa aliyepata A au B katika kozi ya kwanza ya fani yake alikuwa na uwezekano wa zaidi ya asilimia 75 wa kuhitimu kwa wakati. Aliyepata C, asilimia 25. C ni ufaulu. Haina sapu, yaani mtihani wa marudio, haina onyo, na kwa miaka mingi chuo kilimwona mwenye C kuwa yuko salama, kikamsukuma kwenye kozi ngumu zaidi hadi akazama. Kwa waliotaka uuguzi, kilichotabiri vizuri kilikuwa alama ya hisabati ya mwanzoni. Mwaka 2012 chuo kiliunda mfumo wa kompyuta uliojifunza kutokana na alama zipatazo milioni 2.5 za miaka kumi, ukawa unakagua kila mwanafunzi kila siku na kupiga kengele kwa dalili zaidi ya 800: amejisajili kozi isiyo ya programu yake, ameshuka katika kozi ya msingi, hajasajili kabisa. Ila kengele ikilia lazima awepo wa kuisikia, na kwa hiyo chuo kiliajiri washauri wa masomo wapya 42. Taarifa nyingi kuhusu Georgia State husifu kompyuta na kupita mbio kwenye hao 42.

Halafu kuna waliopata nafasi, wakathibitisha, na siku ya kuripoti hawakuonekana. Fomu za mkopo, vyeti vya chanjo, tarehe za mwisho za kujisajili, barua pepe zisizosomwa: kijana ambaye nyumbani hakuna aliyepitia haya hukwama mapema. Mwaka 2016 chuo kilianzisha programu ya kujibu ujumbe wa simu, ikaitwa Pounce kwa jina la chui ambaye ni nembo yao. Katika msimu wake wa kwanza ilijibu maswali zaidi ya 200,000, na waliopotea kabla ya kuripoti walipungua kwa takriban moja ya tano, yaani mmoja katika kila watano waliokuwa wakipotea alifika. Kitu kimoja kinanivutia hapa: watu huiuliza mashine maswali ambayo wangeona haya kumuuliza karani.

Je, dawa hii inahamishika? Hapa ndipo pagumu. Vyuo 11 vikubwa vya umma, vilivyoungana 2014 kubadilishana mbinu, vilifanya jaribio la haki la ushauri wa mtindo wa Georgia State: wanafunzi wa kipato cha chini na wa kwanza katika familia zao waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa ushauri wa karibu unaoongozwa na takwimu, wengine wakaachwa na huduma ya kawaida. Kwa vyuo vyote pamoja hakukuonekana tofauti ya maana. Katika Georgia State peke yake ndiko matokeo yalikuwa mazuri. Nalisoma jaribio hilo hivi: mshauri akigundua kwamba mwanafunzi wake anadaiwa, na chuo hakina mfuko wa ruzuku, amegundua tu. Akiona kuwa kijana amejisajili kozi isiyofaa, na msajili anachukua wiki tatu kujibu, amechelewa. Georgia State walikuwa wamekwisha kufungua vifundo vingine vyote kabla mshauri hajaketi mezani.

Kuna wasiwasi mwingine pia. Mwaka 2021 gazeti la mtandaoni la The Markup lilionyesha kwamba vyuo kadhaa vikubwa vilitumia mifumo ya kubashiri ambayo iliichukulia rangi ya mwanafunzi kuwa moja ya viashiria vizito vya hatari. Kijana mweusi na kijana mweupe wenye alama zilezile wangeweza kuonekana tofauti kwenye skrini ya mshauri. Mshauri mwema atamsaidia zaidi aliye na alama nyekundu. Mshauri aliyechoka atamwambia aachane na uhandisi, atafute fani nyepesi. Kiwango cha kuhitimu kitapanda kwa njia zote mbili.

Ushahidi ulio safi zaidi unatoka New York, kwenye vyuo vya miaka miwili vya CUNY, mfumo wa chuo kikuu cha umma cha jiji hilo. Mpango wao wa ASAP ulianza 2007, na ulipopimwa kwa jaribio la bahati nasibu, waliomaliza ndani ya miaka mitatu walikuwa asilimia 40 kwa walioingizwa kwenye mpango na asilimia 22 kwa wenzao. Karibu maradufu. Masharti yalikuwa mazito: usome muda wote, uonane na mshauri mara kwa mara, uhudhurie masomo ya ziada ukihitaji. Msaada ulikuwa mzito vilevile: pengo la ada linazibwa, vitabu vinatolewa, na kadi ya treni na basi ya kila mwezi inatolewa kwa anayetimiza masharti. Kadi hiyo ni akili tupu. Inamfikisha mwanafunzi darasani na papo hapo inampa sababu ya kupita kwa mshauri. Vyuo vitatu vya Ohio viliiga mpango huo na kupata matokeo yanayofanana. Gharama kwa mwanafunzi ilikuwa kubwa kuliko kawaida, lakini katika utafiti wa New York gharama kwa kila shahada iliyopatikana ilikuwa ndogo, kwa kuwa fedha kidogo ziliishia kwa wasiomaliza.

Sasa njia za mkato. Kiwango hiki kina udhaifu wa kila kipimo kinachogeuzwa kuwa lengo: kinaweza kununuliwa kwa bei rahisi. Ya kwanza ni kuchagua wa kuingia. Chuo kinachodahili waliofaulu sana tu, wenye wazazi wenye uwezo, kitakuwa na kiwango kizuri hata kama wahadhiri wake hawafundishi. Harvard huhitimisha karibu wote wanaoingia, na hilo halitufundishi lolote kuhusu ufundishaji wa Harvard.

Ya pili ni kuwatoa dhaifu kabla hawajahesabiwa. Mwanzoni mwa 2016 gazeti la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Mount St. Mary's, Maryland, lilifichua kwamba rais wa chuo alitaka wanafunzi 20 hadi 25 wa mwaka wa kwanza waondoke kabla ya tarehe 25 Septemba ya mwaka uliotangulia, siku ambayo chuo kingepeleka takwimu zake, ili kiwango cha kubaki kipande kwa asilimia nne au tano. Alitaka dodoso walilojaza wanafunzi wapya litumike kuwatambua. Baadhi ya viongozi na wahadhiri walikataa kutoa majina, habari ikaenea nchi nzima, na mwisho wa Februari rais huyo akajiuzulu. Wengi walishangazwa na lugha aliyotumia kuwaeleza wanafunzi hao. Mimi nilishangazwa zaidi na ukweli kwamba kwa mantiki ya kipimo chenyewe mpango wake ulikuwa sahihi.

Ya tatu ni kulegeza alama, na hii haina makelele. Jeffrey Denning na wenzake, katika utafiti uliochapishwa 2022, waliuliza kwa nini viwango vya kuhitimu Marekani vimepanda tangu miaka ya 1990. Maandalizi ya wanafunzi hayakuwa yameboreka kiasi cha kueleza ongezeko hilo, muda wa kujisomea haukuwa umeongezeka, matumizi ya vyuo kwa mwanafunzi hayakutosha kueleza. Kilichoeleza sehemu kubwa ni kwamba alama zimepanda. Katika chuo kimoja walichokichunguza, mitihani ilikuwa ileile miaka nenda miaka rudi na wanafunzi waliifanya kwa ubora uleule, lakini alama za mwisho za kozi zilikuwa zikipanda. Hakuna mtu aliyetoa amri. Mhadhiri mmoja hapendi malalamiko, mwingine anataka tathmini nzuri kutoka kwa wanafunzi, mkuu wa idara anauliza kwa upole kwa nini wameanguka wengi hivi.

Bara letu lina mfano mmoja wa kujipima bila kujificha. Mwaka 2013 Baraza la Elimu ya Juu la Afrika Kusini lilichapisha uchambuzi wa kundi lililoingia vyuoni 2006. Ndani ya miaka mitano walikuwa wamehitimu asilimia 35 tu, na ilikadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya kundi zima hawatahitimu kamwe. Wanafunzi weusi ndio waliopotea zaidi. Kuna waliosema basi shule ni mbovu, zirekebishwe kwanza. Baraza lilijibu kwa ujasiri kwamba kusubiri shule zibadilike ni kupoteza vizazi, na likapendekeza shahada ya miaka mitatu igeuzwe ya minne, mwaka wa ziada ukiwa ndani ya mtaala badala ya kuwa adhabu ya kurudia. Pendekezo hilo halikufanywa sera ya nchi. Takwimu zake, hata hivyo, zilibaki mezani, na kila mjadala uliofuata, pamoja na ule wa ada wa 2015, ulilazimika kuzizingatia.

Tanzania tuna maneno mengi ya kuishia njiani kuliko tarakimu zake. Mwanafunzi ana sapu, amekeri kozi mbili, amerudia mwaka, ameahirisha, amedisko, yaani amesitishiwa masomo. Kila neno lina utaratibu wake, barua yake na kikao chake cha seneti. Matokeo hubandikwa au kuwekwa kwenye mfumo wa chuo, aliyedisko huchungulia simu mara mbili, na kesho yake kitanda kina mtu mwingine. Tofauti kubwa na Marekani iko kwenye programu. Kule kijana huingia chuo, kisha huchagua fani. Akikwama uhandisi huhamia takwimu bila kutoka getini. Kwetu unadahiliwa kwenye programu moja tangu siku ya kwanza, kwa tahasusi uliyosoma kidato cha tano, na kuhama kuna tarehe zake za mwanzoni mwa mwaka. Ukikwama baada ya hapo, mara nyingi njia ni kuanguka kabisa na kuomba upya mwaka mwingine kama mgeni. Miongozo ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inaruhusu kuhamisha alama za kozi ulizokwisha kufaulu. Anayefahamu hilo akiwa ameshika barua ya kusitishiwa masomo ni nadra.

Upande wa fedha, mnyororo wetu una pete nyingi. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004, hulipa ada kwa chuo na posho ya chakula na malazi kwa mwanafunzi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500. Kwa anayeendelea, bodi hungoja matokeo ya mwaka uliopita kutoka chuoni. Chuo kikichelewa kupeleka matokeo, bumu, yaani posho hiyo, linachelewa. Bumu likichelewa, mwanafunzi wa Mbagala anayesoma Mlimani anaanza kuhesabu nauli na kuchagua vipindi vya kuhudhuria. Akiwa na mkopo wa asilimia ndogo, sehemu ya ada inayobaki ni juu yake. Anahitaji kumbukumbu namba ya malipo, muda wa kusajili una mwisho, na bila usajili jina lake halimo kwenye orodha ya mtihani. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayopima akili. Na zote ziko ndani ya uwezo wa ofisi zilizopo, bila kujenga jengo hata moja.

Lugha ina sehemu yake. Kijana amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza cha kukariri, na sasa anaandika insha ya kurasa kumi kwa lugha ambayo hajawahi kugombana nayo mtaani. Kozi ya stadi za mawasiliano ya mwaka wa kwanza, yenye mamia ya wanafunzi ukumbini na kipaza sauti kinachokatika, haiwezi kufuta hilo kwa muhula mmoja. Ujauzito nao una sehemu yake: msichana anayeupata mwaka wa pili ana haki ya kuahirisha. Swali ni kama kuna mtu ofisini ambaye kazi yake ni kumpigia simu mwaka ukiisha. Kenya wana kilio chao cha alama zinazopotea, mtu akifika mwaka wa nne anaambiwa kozi ya mwaka wa kwanza haina matokeo na mhadhiri ameshahama. Huyo kwa takwimu ni mwanafunzi aliyechelewa. Kiuhalisia chuo ndicho kilichochelewa.

Kabla hatujaomba viwango vitangazwe, tukubali hatari yake. Chuo kitakachojua kwamba kitapangwa kwa kiwango cha kuhitimu kitaanza kuwakwepa wanaoingia kwa stashahada, wazee waliorudi shule, na watoto wa shule za kata. Wahadhiri watasikia lile swali la upole la mkuu wa idara. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya 1992 ili mwalimu wa Namtumbo aweze kusoma polepole akiendelea na kazi, kitaonekana kimefeli kwa kufanya kazi yake. Kwa hiyo kiwango kikitangazwa kiende na maelezo ya nani aliingia, na watahini wa nje wapewe nafasi ya kusema kuhusu alama kwa maandishi yanayosomwa na umma.

Lakini katika jambo moja Tanzania ina nafasi ambayo Marekani haikuwa nayo mwaka 1990. Mwanafunzi wetu ana namba ya mtihani ya kidato cha nne. Baraza la Mitihani liliitoa, TCU huitumia kwenye udahili, Bodi ya Mikopo huitumia kwenye maombi. Namba hiyo haibadiliki akihama chuo, akiahirisha, akirudi baada ya miaka miwili. TCU ilipoyafutia kibali matawi ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu, Songea na Arusha, mwaka 2016, wanafunzi walitawanywa vyuo vingine. Anayehesabu kwa chuo angewaandika wote kuwa wamepotea, anayehesabu kwa namba angewaona wakihitimu kwingineko. Obama wetu asingepotea. Kinachohitajika ni taasisi tatu za serikali kukubaliana kuoanisha majedwali yao, bila majina, na kuchapisha jibu.

Na wasiomaliza hawaondoki na kumbukumbu tu. Mkopo waliokwisha kupokea ni deni, na mshahara wowote rasmi watakaoupata hukatwa asilimia 15 sawa na mwenzao mwenye shahada, ingawa mshahara wenyewe mara nyingi ni wa cheti cha kidato cha sita. Serikali nayo imelipia nusu ya mtaalamu ambaye haajiriki kama mtaalamu.

Ningeanza na kundi la 2019/2020. Lilikatizwa na korona Machi 2020, likarudi vyuoni Juni mosi, na kwa programu za miaka mitatu, hata ukilipa miaka minne na nusu ya kumaliza, muda wake umeshapita. Wote walioingia, kwa jinsia, kwa mkoa waliosoma sekondari, kwa kiwango cha mkopo, kwa programu; wangapi walianza mwaka wa pili, wangapi walihitimu, wangapi hawajulikani walipo. Kumbukumbu zote zipo tayari.